Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kusoma Sheria Chuo Kuu cha Dar es Salaam

Majibu haya ni kwa waliomaliza kidato cha sita au stashahada, kwa wazazi wanaowalipia ada, na kwa wanasheria wanaotaka kurudi darasani. Ada na tarehe za mwisho za maombi hubadilika kila mwaka, kwa hiyo hatukuziandika. Zitazame kwenye tangazo la mwaka wako.

Shule Kuu ya Sheria ya Mlimani ndiyo ile "Law School"?

Hapana, ingawa watu wengi huzichanganya, na kuna wanaopeleka maombi pasipo pake kwa sababu hiyo. Shule Kuu ya Sheria ni sehemu ya Chuo Kuu cha Dar es Salaam. Inatoa shahada. Ile inayoitwa "Law School" ni Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo Tanzania, chombo kinachojitegemea kilichoundwa kwa Sheria Na. 18 ya 2007 na kuanza kupokea wanafunzi mwaka 2008. Huko mtu huenda akiwa tayari na shahada ya sheria, na anatoka na stashahada ya uzamili ya uanasheria kwa vitendo.

Kwa hiyo njia ya uwakili ina hatua tatu: shahada chuoni, mafunzo ya vitendo kwenye Taasisi, kisha kukubaliwa na kuapishwa na Jaji Mkuu. Aliyeishia hatua ya kwanza anaitwa mwanasheria. Si wakili, na hawezi kusimama mahakamani kwa niaba ya mteja. Akifanya hivyo ni kosa.

Shule hii ilianza lini?

Ni kongwe kuliko chuo kikuu chenyewe. Kitivo cha Sheria kilifungua milango tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14. Kilikuwa kitivo pekee cha chuo kilichofanya kazi chini ya Chuo Kuu cha London. Mwaka 1963 kikaingia katika Chuo Kuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na 1964 kikahamia Mlimani. Chuo Kuu cha Dar es Salaam kama tunavyokijua kilianza tarehe 1 Julai 1970.

Katika miaka ile ya 1960, Mkenya au Mganda aliyetaka kusomea shahada ya sheria humu Afrika Mashariki alikuja Dar es Salaam. Ndiyo sababu utakuta wahitimu wa zamani wa Mlimani kwenye mahakama na wizara za nchi zote tatu. Willy Mutunga, Jaji Mkuu wa Kenya kuanzia 2011 hadi 2016, alisoma hapa. Joseph Sinde Warioba, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanzania, naye alipita hapa.

Kuna programu gani za shahada ya kwanza?

Mbili zinazoulizwa sana. Ya kwanza ni Shahada ya Sheria, LL.B., ya miaka minne. Ya pili ni Shahada ya Sanaa katika Usimamizi wa Sheria, ya miaka mitatu, inayowalenga zaidi watu wa polisi, magereza, uhamiaji, forodha na kazi za ulinzi na upelelezi.

Zingatia tofauti hii kabla ya kubofya kitufe cha kutuma maombi. Shahada ya Usimamizi wa Sheria si LL.B. Haikupeleki kwenye Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, hivyo haikufikishi kwenye uwakili. Kila mwaka kuna anayeichagua kwa kuona neno "sheria" kwenye jina na alama zake kutosha, halafu anagundua mwaka wa pili. Kama lengo lako ni uhakimu au uwakili, hiyo si njia ya mkato.

Sifa za kujiunga na LL.B. ni zipi?

Kiwango cha chini kwa waliotoka kidato cha sita huwekwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU: ufaulu wa daraja kuu katika masomo mawili, yenye jumla ya pointi 4.0. Kwa waliomaliza kuanzia 2016, A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kwa hiyo D mbili zinatosha, na C moja na E moja zinatosha. S, yaani ufaulu mdogo usiofikia daraja kuu, haihesabiki hapa hata ukiwa nazo tatu. Masomo yanayokubalika yameorodheshwa kwenye kitabu cha mwongozo cha TCU, mstari wa chuo na programu husika. Usome mstari huo wenyewe, usitegemee wa chuo jirani, maana masharti ya ziada hutofautiana.

Ila pointi 4.0 zinakupa haki ya kuomba tu. Kuchaguliwa ni mashindano, na LL.B. ya Mlimani ina waombaji wengi kuliko nafasi. Mwenye D mbili aiombe akijua hivyo, na aweke na chuo kingine.

Wenye stashahada huhitaji wastani wa B au GPA ya 3.0, pamoja na ufaulu wa kidato cha nne. Kinachowakwamisha hawa mara nyingi ni namba ya uhakiki, AVN, inayotolewa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Bila hiyo mfumo wa maombi haukutambui. Iombe mara matokeo yako ya mwisho yanapotoka, kwa sababu chuo chako cha zamani lazima kwanza kiwe kimewasilisha matokeo yako NACTVET, na hapo ndipo foleni inapokuwa. Waliosoma nje ya nchi kwa mitaala mingine wanahitaji ulinganifu wa vyeti kutoka Baraza la Mitihani, NECTA.

Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, lazima uthibitishe kimoja ndani ya muda uliotangazwa, kwa namba maalumu unayotumiwa kwenye simu. Usipothibitisha, nafasi yako inapewa mwingine. Kwa hiyo namba ya simu uliyojaza kwenye maombi iwe yako, si ya kaka wa jirani mwenye duka la intaneti.

Mkopo je?

Wanafunzi wa LL.B. huomba Bodi ya Mikopo, HESLB, kama wengine, na sheria haimo kwenye fani zinazoombewa kwa njia ya pekee. Kinachochelewesha ni uhakiki wa vyeti vya kuzaliwa, na vya vifo vya wazazi kwa yatima. Wa Bara huhakikiwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na wa Zanzibar kwenye wakala wa matukio ya kijamii wa huko. Fanya uhakiki kabla dirisha la mikopo halijafunguliwa, na hakikisha jina kwenye cheti cha kuzaliwa linafanana herufi kwa herufi na lile la cheti cha kidato cha nne. "Mohamed" na "Mohammed" ni watu wawili mbele ya mfumo.

Kwa mafunzo ya vitendo baada ya shahada, HESLB imekuwa na mwongozo wake tofauti. Usidhani mkopo wa shahada unaendelea wenyewe.

Mwaka wa kwanza unasomwa nini?

Msingi: mbinu za kisheria, katiba na mifumo ya sheria ya Afrika Mashariki, sheria ya mikataba, sheria ya jinai, pamoja na masomo ya maendeleo ambayo ni ya chuo kizima. Sheria ya ardhi, madhara (torts), ushahidi, mwenendo wa mashauri, kampuni, sheria ya kimataifa na nyinginezo hufuata miaka ya mbele.

Somo la mbinu za kisheria huwa linadharauliwa. Ndilo linalofundisha kusoma hukumu: kutenganisha mambo ya kweli yaliyothibitishwa, suala lililoamuliwa, sababu ya uamuzi inayofunga mahakama za chini, na maneno ambayo jaji aliyasema kwa kupita. Asiyelishika hapo hufika mwaka wa tatu akiwa ananukuu maneno ya kupita kana kwamba ndiyo sheria.

Jambo jingine linalowashangaza wageni ni asili ya sheria zenyewe. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, chimbuko lake ni sheria ya mikataba ya India ya 1872, na Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, nayo ina baba India. Sheria za Uingereza zinaingia kwa kifungu cha upokezi, kwa tarehe ya 22 Julai 1920, na kwa sharti kwamba zifae mazingira ya hapa. Kwa hiyo usishangae mhadhiri akitoka kesi ya London, akapita Bombay, akamalizia Rufaa ya Mwanza.

Masomo yanafundishwa kwa lugha gani, wakati mahakama zimehamia Kiswahili?

Chuoni bado ni Kiingereza: mihadhara, mitihani na tasnifu. Mahakamani, Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya 2021 iliifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, ikaacha nafasi ya kutumia Kiingereza pale haki inapohitaji. Mahakama za mwanzo zilikuwa za Kiswahili siku zote.

Matokeo yake ni kwamba mhitimu anaelewa jambo kwa lugha moja na kulitetea kwa nyingine. Dawa yake si ngumu. Soma Katiba katika nakala ya Kiswahili, ambayo ndiyo iliyotungwa bungeni, soma hukumu za Kiswahili zinazozidi kuongezeka, na nenda ukakae nyuma ya chumba cha mahakama ya wilaya asubuhi nzima. Mtu hajui kumhoji shahidi kwa Kiswahili mpaka awe amesikia wakili mzoefu akifanya hivyo.

Mitihani inasahihishwaje, na watu huanguka wapi?

Kwa kawaida kazi za muhula hubeba 40% na mtihani wa mwisho 60%. A ni kuanzia 70, B+ 60 hadi 69, B 50 hadi 59, C 40 hadi 49. Chini ya hapo una sapu, yaani mtihani wa kurudia. GPA ya mwaka ikishuka mno hata sapu hupewi, unakula disko, yaani unaondolewa chuoni, moja kwa moja. Daraja la kwanza linaanza 4.4, la pili la juu 3.5, la pili la chini 2.7, na ufaulu wa kawaida 2.0.

Kuhusu kuanguka: wengi hawaangukii kwa kutojua sheria. Wanaangukia kwa kutojibu swali. Mfano wa kawaida wa sheria ya ndoa: "Mwanaidi aliolewa miaka 15, hakuwa na ajira, alilea watoto na kuangalia nyumba. Mume alijenga nyumba mbili kwa mshahara wake. Mshauri Mwanaidi." Jibu dhaifu linajaza ukurasa mmoja na nusu kueleza historia ya Sheria ya Ndoa ya 1971, linanukuu kifungu kizima, na kumalizia "hivyo Mwanaidi ana haki". Jibu zuri linaanza na suala: je, kazi za nyumbani ni mchango katika kupata mali ya ndoa? Linataja kifungu cha 114 cha Sheria hiyo, toleo la 2019, linataja Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, [1983] TLR 32 (TLR ni Tanzania Law Reports, mkusanyiko wa hukumu), ambamo Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Halafu, na hapa ndipo zilipo alama, linageukia mambo ya Mwanaidi: nyumba zilijengwa ndoa ikiwepo au kabla? Kiwango cha mchango wake kinathibitishwaje? Kuna madeni? Mwishoni linatoa ushauri, pamoja na kwamba shauri la talaka kwa kawaida lazima lipite kwanza baraza la usuluhishi la ndoa. Mwanafunzi anayesahau baraza amempeleka mteja mahakamani kufukuzwa mlangoni.

Wahadhiri wamebobea katika nini?

Shule ina idara tatu: Sheria za Umma, Sheria Binafsi na Sheria za Uchumi. Ya kwanza inabeba katiba, utawala, jinai, haki za binadamu na sheria ya kimataifa. Ya pili mikataba, madhara, familia, ardhi na mirathi. Ya tatu kampuni, benki, kodi, kazi, hakimiliki, mazingira na biashara ya kimataifa. Mipaka haijakazwa sana, na mhadhiri mmoja anaweza kufundisha kotekote.

Nguvu ya kihistoria ya shule iko sehemu mbili: ardhi na katiba. Issa Shivji, aliyefundisha hapa miongo mingi, aliongoza Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mjadala wake na serikali juu ya nani awe mwenye mamlaka ya mwisho ya ardhi ya kijiji bado unasomwa pamoja na Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 4 na Na. 5 za 1999. Gamaliel Mgongo Fimbo naye ni jina lisilokwepeka katika ardhi. Upande wa katiba, Palamagamba Kabudi na marehemu Sengondo Mvungi walikuwa wajumbe wa Tume ya Mabadiliko ya Katiba iliyoongozwa na Jaji Warioba, na Kabudi baadaye aliteuliwa Waziri wa Katiba na Sheria mwaka 2017. Chris Maina Peter, mtu wa haki za binadamu, alikaa kwenye Tume ya Sheria za Kimataifa ya Umoja wa Mataifa. Asha-Rose Migiro alifundisha hapa kabla ya kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, 2007 hadi 2012.

Orodha hiyo ina upande wa pili ambao mwombaji wa uzamivu lazima aufahamu: shule inayotoa mawaziri, majaji na makamishna hupoteza wasimamizi wa tasnifu. Jina kubwa kwenye ukuta si lazima liwe ofisini Jumatatu.

Shahada za juu zipo zipi, na nimpateje msimamizi?

Kuna LL.M., shahada ya umahiri ya sheria, ya masomo na tasnifu, umahiri wa milki bunifu, na uzamivu kwa utafiti. Kwa uzamivu usiandike barua ya "naomba kusimamiwa". Andika kurasa tano hadi nane zenye tatizo moja la kisheria, sheria na kesi zinazogongana, na swali ambalo halijajibiwa. "Changamoto za utekelezaji wa sheria ya ardhi Tanzania" si mada, ni rafu ya vitabu. "Je, mabaraza ya kata, tangu yalipoondolewa uamuzi na kubaki na usuluhishi mwaka 2021, yanapunguza mashauri ya ardhi kwenye mabaraza ya wilaya?" hiyo inasimamika. Kabla ya kumwandikia mhadhiri, soma makala yake angalau mbili. Jarida la shule, Eastern Africa Law Review, linatoka tangu 1968, na ndilo pa kuanzia.

TGCL ni nini?

Ni kituo cha Watanzania na Wajerumani cha masomo ya sheria za Afrika Mashariki, kilichoanzishwa 2008 kwa ushirikiano na Chuo Kuu cha Bayreuth na ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanataaluma. Mkazo wake ni sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na mtangamano wa kikanda, ngazi ya umahiri na uzamivu, na kimekuwa kikitoa ufadhili kwa wanasheria kutoka nchi wanachama. Mtu wa Bujumbura, Kigali au Kampala asijione mgeni kwenye maombi haya, maana kituo kilijengwa kwa ajili ya mchanganyiko huo. Andiko lako lihusu Jumuiya kweli. Mada ya talaka Morogoro yenye sentensi moja kuhusu Arusha, yaliko makao makuu ya Jumuiya, mwishoni hujulikana mara moja.

Mashindano ya mahakama ya mfano yana faida gani?

Kubwa, hasa kwa uandishi, maana wanafunzi huandika na kutetea hoja za kesi ya kubuni. Mashindano ya Jessup ni ya sheria ya kimataifa, na ya Afrika ya haki za binadamu sasa inabeba jina la Christof Heyns. Faida ya kuwa Tanzania ni kwamba Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu na Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki zote ziko Arusha, safari ya basi moja. Kesi ya Mtikila ya 2013 katika Mahakama ya Afrika kuhusu mgombea binafsi, na uamuzi wa Tanzania wa Novemba 2019 wa kuondoa tamko lililoruhusu watu binafsi na asasi kufungua mashauri moja kwa moja, ni vitu mwanafunzi wa Dar anapaswa kuvieleza bila karatasi.

Nina shida ya kisheria na sina pesa ya wakili. Chuo kinasaidia?

Shule ina Kamati ya Msaada wa Kisheria tangu 1969, na nje ya chuo kuna watoa msaada waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria, Na. 1 ya 2017. Ukienda, beba nyaraka zote hata usizoziona za maana: hati za mauziano, barua, risiti, hukumu, wito wa mahakama. Nakala, na za asili za kuonyesha.

La muhimu zaidi ni muda. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na madai mengine ya kazi siku 60. Madai ya kurejesha ardhi ni miaka 12. Taarifa ya kukata rufaa kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani ni siku 30. Watu hutumia siku hizo kwa vikao vya ukoo na kwa mwenyekiti wa mtaa, halafu wanafika siku ya 45. Hapo shauri zuri linageuka maombi ya kuongezewa muda, na kila siku iliyochelewa inatakiwa kutolewa sababu.

Kwa nini watu hufeli sana mafunzo ya uanasheria kwa vitendo?

Swali hili lilipamba moto Oktoba 2022, matokeo yalipoonyesha kwamba kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, 342 wakatakiwa kurudia baadhi ya mitihani na 265 wakaondolewa. Serikali iliunda kamati chini ya Harrison Mwakyembe kuchunguza.

Sababu ziko pande zote: idadi kubwa ya vyuo vinavyotoa LL.B., Kiingereza dhaifu, na taasisi yenyewe. Lakini kwa mtu mmoja mmoja sababu inayorudi ni uandishi wa nyaraka. Chuoni ulijibu "jadili". Huko unaambiwa "andaa".

Chukua hati ya kiapo ya kurasa mbili inayounga mkono maombi. Kichwa cha mahakama, majina ya wahusika, utambulisho wa mwapaji, aya za mambo ya kweli zenye namba, uthibitisho, halafu jurati, sehemu inayoonyesha kiapo kiliapwa wapi na lini, mbele ya Kamishna wa Viapo. Makosa yanayoiua ni yaleyale. Kwanza, aya zenye hoja, maoni, sheria au maombi, ilhali tangu kesi ya Matovu, [1966] EA 514 (EA ni East Africa Law Reports), kiapo ni cha mambo ya kweli tu. Pili, uthibitisho usiosema ni aya zipi mwapaji anazijua mwenyewe na zipi kaambiwa, na na nani. Tatu, jurati isiyo na mahali au tarehe ya kuapa. Nne, mwapaji kusema kaelezwa na fulani, na fulani huyo hana kiapo chake. Msahihishaji hahitaji kusoma zaidi ya hapo. Na nje, wakili wa upande wa pili naye hahitaji.

Pingamizi la awali nalo hutumika vibaya. Tangu kesi ya Mukisa Biscuit, [1969] EA 696, ni hoja halisi ya kisheria inayosimama kwa kukubali mambo kama yalivyodaiwa. Ikihitaji ushahidi, si pingamizi la awali. Na tangu marekebisho ya 2018 yaliyoingiza kanuni ya lengo kuu la haki, mahakama hazifurahii pingamizi la nukta na koma, ingawa kanuni hiyo haiponyi kasoro inayogusa mamlaka ya mahakama.

Anza kuandaa nyaraka mwaka wa tatu, si siku ya kuripoti.

Shahada ya Dar inatambuliwa Kenya, Uganda na Zanzibar?

Kama shahada, ndiyo. Kama tiketi ya uwakili, kila nchi ina mlango wake. Kenya ina orodha ya masomo 16 ya msingi kwa anayetaka kuingia shule ya sheria ya huko, na ukikosa baadhi unayafidia, kwa hiyo Mkenya achague masomo yake ya hiari akiwa na orodha hiyo mkononi. Uganda mlango ni Kituo cha Maendeleo ya Sheria, Kampala. Zanzibar ina Mahakama Kuu yake, sheria zake na mahakama za kadhi. Wakili wa Bara haingii huko kwa cheti cha Bara peke yake.

Kuna habari gani mpya zinazomgusa mwanafunzi sasa?

Kubwa ni Toleo la Urekebu la Sheria la Mwaka 2023, lililozinduliwa Aprili 2025 na kuanza kutumika 1 Julai 2025. Namba za vifungu katika baadhi ya sheria zimehama. Noti za kaka yako wa mwaka wa nne zimezeeka usiku mmoja, na vitabu vya rafu nzima vilevile. Kesi za zamani zinataja namba za zamani, kwa hiyo unaponukuu taja toleo, na ukitumia kesi ya 2015 hakiki kifungu kimehamia wapi.

Juni 2025 Jaji Mkuu Ibrahim Hamis Juma, aliyekuwa mhadhiri wa shule hii, alistaafu, na George Masaju akashika nafasi. Kwenye Chama cha Mawakili Tanganyika, Boniface Mwabukusi alichaguliwa rais Agosti 2024. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu 1 Mei 2023, imefungua kazi mpya: benki, hospitali na kampuni za simu zinahitaji watu wanaoielewa, na waliobobea bado ni wachache.

Nitapata wapi hukumu bila kulipa?

TanzLII, tovuti ya bure ya sheria na hukumu. Ina hukumu za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu, na rejea zake ni za namna ya [2021] TZCA ikifuatiwa na namba kwa Rufani, TZHC kwa Mahakama Kuu. Tafuta kwa majina ya wahusika kwanza, kisha kwa namba ya rufaa. Kutafuta kwa neno moja kama "ardhi" kutakuletea maelfu. Kwa kesi za zamani zilizomo kwenye TLR, EA na HCD (High Court Digest), maktaba ya chuo bado ndiyo tegemeo, na nenda asubuhi. Ukipata hukumu, pakua faili lenyewe na usome hadi ukurasa wa mwisho, kwa kuwa muhtasari wa juu wakati mwingine unabeba hoja ya wakili aliyeshindwa.